Mtu wa chukudu, nyonga yake na mkono wa mkandaji

Jirani yangu anasukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kati ya Kibumba na Goma, mashariki mwa Kongo. Ukitaka kujua nyonga iliyokaza ikoje, mtazame yeye: goti la kulia juu ya ubao, kwenye kipande cha kandambili kilichopigiliwa misumari, mguu wa kushoto unapiga ardhi. Kutwa nzima goti ni lile lile, mguu ni ule ule, na makabichi mbele yake. Juzi kiuno kilimgomea, nikamsindikiza kwa mkandaji mmoja huko mtaa wa Majengo.

Niliona mambo mawili pale mezani, na tangu siku hiyo nabishana nayo.

La kwanza: baada ya kumkanda kiuno na mapaja, mkandaji alimlaza chali kwenye ukingo wa meza, akamwambia alikumbatie goti la kushoto kifuani na kuuacha mguu wa kulia uning'inie. Paja la kulia halikushuka. Lilibaki hewani, kiganja kizima kingepita kati yake na meza. "Sukuma juu, papa, kidogo tu, mkono wangu uko hapa." Jirani akasukuma, akahesabiwa hadi tano, akaachia, na paja likashuka lenyewe. Mara ya tatu likagusa meza.

La pili lilichukua sekunde moja. Bila kuuliza, alikishika kichwa cha mteja kwa mikono miwili, akakizungusha, shingo ikaalika: ka! Waliokuwa wakingoja zamu wakacheka. Jirani akainuka: "Sasa ndiyo umenitengeneza!" Akatoa pesa kwa furaha, na naamini aliulipia ule mlio.

Kine mmoja, yaani mtaalamu aliyesomea tiba ya viungo, niliyemsimulia alikunja uso kwa yote mawili. Kwake yeye, mkandaji apake mafuta, asugue misuli, aishie hapo. Viungo avisogeze aliyesomea. Ana sababu, na si wivu wa kazi tu. Mkandaji haoni kilicho chini ya ngozi. Maumivu ya mgongo yanaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo. Goti lililovimba na kuwa moto si goti la kunyooshwa. Mama mzee ambaye mifupa yake imepungua uzito anaweza kuvunjika kwa mvuto ambao kijana asingeuhisi.

Hata hivyo, historia haimpi kine haki yote. Per Henrik Ling, Mswidi aliyefungua chuo chake cha mazoezi ya mwili Stockholm mwaka 1813, hakutenga kukanda na kusogeza viungo. Kwake vilikuwa kazi moja. Na ile mbinu ya "sukuma, kisha achia" inatokana na kazi ya daktari Herman Kabat na wenzake huko Marekani miaka ya 1940, waliokuwa wakiwasaidia watu waliopooza. Mkandaji wa Majengo huenda hajawahi kulisikia jina hilo, lakini mkono wake uliijua kazi. Tena mteja ndiye aliyekuwa akisukuma, angeumia, angeacha. Hapo sioni hatari ya kumpigia mtu marufuku.

Swali linalonisumbua zaidi ni kama kunyoosha kunafanya kile tunachodhani. Wengi tunasema mishipa imefupika, tunairefusha. Ushahidi hauelekei huko. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliwaangalia watu ambao viungo vyao vimeganda au viko hatarini kuganda, yakakuta kwamba kunyooshwa kwa muda usiofika miezi saba hakukuongeza mwendo wa kiungo kwa kiasi cha maana. Na kwa mtu mzima wa afya, watafiti wengi wanaona kinachobadilika haraka ni uvumilivu: mwili unakubali kufika mbali zaidi kabla ya kulalamika. Paja la jirani halikurefuka kwa dakika mbili. Lilikubali.

Wapo wanaosema basi kazi yote ni bure. Mimi nasema hapana, ila thamani yake imehama. Mlango umefunguliwa kidogo, na asipoupita mwenyewe utajifunga kabla ya Jumapili. Mkandaji yule hakumwambia afanye nini nyumbani, na hilo ndilo kosa lake kubwa, kubwa kuliko anavyodhani kine.

Sasa shingo. Mlio wa kiungo unatokana na gesi kwenye ute wake. Hakuna mfupa uliorudi mahali. Kuna daktari wa Marekani, Donald Unger, aliyevialisha vidole vya mkono mmoja kwa zaidi ya miaka 60 na kuuacha mwingine, asipate baridi yabisi kwenye wowote, akapewa tuzo ya kuchekesha ya Ig Nobel mwaka 2009. Sawa, lakini kidole si shingo. Kwenye shingo, mishipa miwili ya damu inayopanda ubongoni inapita ndani ya matundu ya pingili zenyewe, na mzunguko wa ghafla unaweza kupasua ukuta wa mmoja wao na kuleta kiharusi. Ni nadra. Lakini kwa faida ya mlio?

Geoffrey Maitland, mtaalamu wa Australia, aliupanga mwendo wa kusogeza kiungo kwa mkono katika ngazi tano. Ya kwanza ni mitikiso midogo, ya pili mikubwa, zote kabla kiungo hakijaanza kukataa. Ya tatu na ya nne zinaingia kwenye kukataa huko. Ya tano ni mshtuko mmoja wa haraka. Mimi ningempa mkandaji mbili za mwanzo bila wasiwasi, pamoja na kila mwendo ambao mteja anausukuma mwenyewe. Ya tano abaki nayo aliyesomea, tena baada ya kuuliza maswali.

Nilimweleza jirani apige goti la kulia chini nyumbani, asogeze kiuno mbele, akae sekunde 30, abadilishe. Jana nilimkuta anafanya hivyo kando ya chukudu, wapakiaji wakihesabu magunia. Nikamuuliza mbona habadilishi pia goti analoweka juu ya ubao. Akacheka: "Mguu wa kuume haujui kona, yaya. Utanitupa kwenye mawe."