Siku ya kustaafu mwalimu inajulikana, basi mafao yanachelewa nini?

Kikitajwa kikokotoo tu, yaani hesabu ya kukadiria mafao ya mstaafu, Watanzania tunagawanyika na kelele zinaanza. Mwaka 2018, kanuni mpya zilipotaka wastaafu wapewe asilimia 25 ya mafao yao kwa mkupuo, presha zilipanda nchi nzima hadi Rais Magufuli akazisitisha Desemba hiyohiyo. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikaifikisha 40 kwa wale ambao mifuko yao ya zamani ya pensheni ilikuwa ikiwapa nusu. Sawa, asilimia zina uzito wake. Ila nimekaa sana na walimu wastaafu, baba yangu mdogo akiwamo, na kinachowatafuna zaidi ni makaratasi.

Mwalimu wa serikali akiajiriwa leo, siku yake ya mwisho kazini inajulikana leo hiihii: miaka 60 kwa lazima, au 55 akitaka mwenyewe. Mwajiri ana miongo mitatu ya kujiandaa. Siku ikifika, mzee ndiye anayetakiwa kutafuta barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na zote za kupandishwa daraja, utadhani masijala ilikuwa nyumbani kwake.

Baba mdogo alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye mikunjo mpaka akaifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Barua moja iliandika jina lake la kati kwa s, nyingine kwa z. Kwa herufi hiyo moja akaenda kwa wakili kuapa kwamba yeye ni yeye. Akirudi halmashauri, kijana wa dirishani anasimama kabisa: "Shikamoo mwalimu." Marahaba. "Jalada lako bado halijaonekana, hebu pita wiki ijayo." Adabu tele, na nauli ya basi imekwenda.

Halafu kuna madaraja ya mshahara, na hapa naomba tupige hesabu kidogo. Fomula inachukua miezi uliyochangia, inagawanya kwa 580, inazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka, na hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Mwalimu wa miaka 35 kazini ana miezi 420. Kama wastani wake ni shilingi milioni moja kwa mwezi, mkupuo, yaani asilimia 40 ya pensheni hiyo ikizidishwa kwa 12.5 (miaka anayokadiriwa kuishi baada ya kustaafu), ni kama milioni 43, na asilimia 60 inayobaki inampa pensheni ya kila mwezi kama 434,000. Sasa mpunguzie mshahara kwa 100,000 tu, kwa sababu daraja lake lilichelewa. Mkupuo unapungua kwa zaidi ya milioni nne, na kila mwezi anakosa 43,000 mpaka siku anayozikwa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha kupandisha madaraja ili isake watumishi hewa. Waliobaki kazini baadaye walifidiwa kidogo kwa mserereko, yaani kupelekwa kwenye daraja ambalo wangekuwa wameshalifikia. Waliostaafu katikati ya kipindi kile walikokotolewa kwa mshahara uliodumaa, nao hawakuwa hewa. Hili silisikii bungeni kama ninavyosikia asilimia.

Na nyumba je? Wengi wa walimu wa vijijini wamezeekea kwenye nyumba za shule. Akistaafu, anatakiwa ampishe mwalimu mpya, lakini hela ya nauli na kufungasha mizigo ya kumrudisha kwao haijaingia. Basi anabaki palepale kama mgeni aliyepitiliza, kabati na vitanda vimeshafunguliwa, anasubiri. Kwenye pengo hilo ndipo wanapoingia wakopeshaji wa mtaani, wanamkopesha na kuishika kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Mkupuo ukitua, wao ndio wa kwanza kuuona.

Ukiwauliza wanataka nini, hawakutajii makubwa. Bati zipande kabla ya masika. Pampu ndogo ya kumwagilia bustani. Mmoja, mwalimu wa hisabati, aliniambia anatamani shule ya kata iliyo jirani imwite vipindi vinne tu kwa wiki, hata kwa posho ya sabuni, kwa sababu watoto wanafika kidato cha nne hawajawahi kuwa na mwalimu wa somo lile. Sasa anawafundisha watoto wa majirani barazani jioni, bure, na analalamika kwamba chaki imepanda bei. Kwa nini halmashauri yenye upungufu wa walimu wa hisabati isimpe mkataba mtu wa namna hiyo, mimi sielewi.

Ninachodai ni kidogo. Miezi 12 kabla ya kustaafu, afisa utumishi awe amelifungua jalada, amesahihisha majina, amehakiki madaraja, na hela ya mizigo imetengwa kwenye bajeti ya mwaka huo. Mafao yakichelewa kwa uzembe wa ofisi, aulizwe mwenye ofisi.

Mpaka hapo wenye ofisi watakapoamka, wewe mwalimu unayestaafu mwakani usisubiri. Piga nakala za barua zote wiki hii, linganisha jina lako kwenye cheti, barua ya ajira na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, na kadi ya benki usimwachie mtu yeyote, hata akija na soda.