Freemason wa kwenye nguzo ya umeme

Msimu wa korosho uliopita mpwa wangu alitoka Nanguruwe kuja Mtwara mjini na kadi ya benki ya baba yake, atoe malipo ya mnada arudi nayo nyumbani. Pale stendi, kwenye nguzo ya umeme, akakuta karatasi: "Jiunge na Freemason, utajiri ndani ya siku saba, hakuna kafara ya mtu," na namba ya simu chini yake. Akapiga. Akaambiwa fomu ni elfu hamsini. Baada ya fomu ikaja pete, laki moja na nusu. Baada ya pete kikaja kibali cha kupitishia fedha zake, laki moja na ishirini. Jumla laki tatu na ishirini, kisha simu ikazimwa.

Aliporudi na kusema ukweli, shemeji yangu hakuanza na fedha. Alimuuliza, "Umemtaja nani?" Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa amekaa pale mkekani. Akanyanyuka, akaingia ndani, na kwa siku mbili hakugusa chakula kilichopikwa katika nyumba ile. Aliamini mjukuu wake ameshaandikisha jina la mtu wa ukoo atolewe kafara. Mimi, kama mjomba, ndiye niliyeitwa kuja kuongea na kijana.

Tangu hapo nimeusikia mjadala huu barazani mara nyingi, na kila mara unakwenda vilevile. Upande mmoja unasema Freemason ni watu wa shetani, wanauza damu za watoto wao wapate magari. Upande wa pili, ambao ni mdogo na huongea kwa sauti ya chini, unasema wale ni chama cha watu wazima kinachosaidiana na kutoa sadaka. Nimekaa nao wote. Naandika kwa sababu upande wa pili haujapata msemaji huku kwetu, na kimya hicho kinatugharimu sisi kuliko kinavyowagharimu wao.

Chama chenyewe kinajulikana kilikotoka. Loji nne za London, yaani vikundi vya wanachama wanaokutana pamoja, ziliungana tarehe 24 Juni 1717, na miaka sita baadaye kanuni zao zikachapishwa, zikauzwa kama kitabu kingine chochote. Vyombo walivyovifanya alama ni vya fundi mwashi: guni, bikari, timazi, pimamaji, mwiko. Mtu wa Kilwa aliyekua akitazama kuta za matumbawe za Msikiti Mkuu kule Kisiwani hahitaji kuelezwa timazi ni nini. Wao wanaichukua kuwa mfano wa mtu kusimama wima katika mambo yake, na pimamaji kuwa mfano wa watu kuwa sawa wakiwa chini ya paa moja. Ngazi ni tatu: mwanagenzi, fundi mwenza, fundi mkuu. Nguzo wanazozitaja pia ni tatu: upendo wa kindugu, msaada na ukweli. Ili uingie ni lazima umwamini Mungu, na kitabu kitakatifu kinakuwa wazi kikao chote. Mwislamu anaapa kwa Kurani, Mkristo kwa Biblia. Kubishana juu ya dini na siasa ndani ya loji ni marufuku.

Lakini kuna kipande kimoja cha sherehe ya kuingia ambacho ningependa kila kijana wa Mtwara na Lindi akijue. Kabla mgeni hajaingizwa ukumbini anavuliwa kila kitu cha madini na cha thamani alichonacho: fedha, pete, saa. Anafungwa kitambaa machoni. Anaulizwa kama amekuja kwa hiari yake, bila kubembelezwa na bila tamaa ya mali, na anatakiwa kukiri hivyo mbele ya watu. Baadaye, akiwa amesimamishwa kwenye kona ya kaskazini mashariki ya ukumbi, pale ambapo waashi wa zamani waliweka jiwe la kwanza la jengo, anaombwa atoe sadaka kwa ajili ya masikini. Anajipapasa. Hana hata senti. Hapo anaambiwa aikumbuke saa hiyo siku atakapokutana na ndugu aliyeishiwa, kwamba naye aliwahi kusimama mbele za watu mikono mitupu.

Sasa iweke sherehe hiyo kando ya karatasi ya kwenye nguzo. Karatasi inakwambia njoo uchukue utajiri. Loji inamvua mtu pete kabla hajavuka mlango, na ikigundua amekuja kutafuta mali inatakiwa kumrudisha nyumbani. Mwanachama hulipa ada kila mwaka, na kwenye vikao huchangishwa kwa ajili ya wenye shida. Anayebandika tangazo la kukuita ni tapeli kwa ushahidi wa tangazo lake mwenyewe. Laiti mpwa wangu angelijua hili moja tu, angepita pale stendi akaenda zake.

Nikisema hivi barazani naulizwa, "Mbona matajiri ndio Freemason?" Basi tumtazame Freemason aliyejulikana kuliko wote hapa nchini, marehemu Sir Andy Chande. Alikulia Bukene, mkoani Tabora, akaongoza loji za Afrika Mashariki kuanzia 1986 hadi 2005. Hakujificha; alisimulia maisha yake mwenyewe kwenye kitabu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vinu vya kusaga nafaka vya familia yake vilitaifishwa, mali ya miaka mingi ikaondoka mara moja. Akabaki akiajiriwa na serikali kuendesha shirika lililochukua vinu vilevile. Kama kulikuwa na nguvu ya siri ya kumlindia mtu mali, ingefanya kazi siku ile. Miaka iliyofuata aliitumikia nchi kwenye bodi za mashirika ya umma, shule na huduma za jamii, kazi ambazo hazimtajirishi mtu.

Habari za shetani nazo zina historia. Mfaransa mmoja, Léo Taxil, alianza mwaka 1885 kujifanya ameongoka, kisha kwa miaka kumi na zaidi akaandika vitabu kueleza jinsi Freemason wanavyomwabudu Ibilisi. Viliuzwa sana. Tarehe 19 Aprili 1897 aliita watu kwenye ukumbi Paris akawaambia kwamba yote ameyatunga. Waliomsikia walikasirika, lakini hadithi zilikuwa zimeshatoka mkononi mwake. Nikitazama video wanazorushiana vijana kwenye simu, naona mambo ni yaleyale.

Na hapa ndipo moyo wangu unaposimama, kwa sababu madhara ya hadithi hizi hayako Paris wala London. Yako kwetu. Mwanamke ninayemfahamu, jina lake halina haja, alianza kubangua korosho uani kwake na binti zake wawili, jiko la kuni na vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Akaongeza wanawake watano wa mtaani, kisha kumi. Akajenga nyumba ya vyumba vinne, akanunua pikipiki ya mizigo. Mwaka uliofuata binti yake mdogo alifariki kwa malaria. Nilikuwepo kwenye hitima. Nilimsikia mtu akinong'ona nyuma yangu, sahani ya pilau ikiwa mkononi mwake, "Si unaona? Alitakiwa alipe." Baada ya miezi mitatu wanawake saba kati ya kumi walikuwa wameacha kazi, waume zao wamewakataza. Hakuna aliyekwenda kumuuliza alianza na magunia mangapi, alikopa kikoba kipi, aliuza kwa nani. Hayo yote yangeweza kumfundisha kijana wa mtaa ule jinsi biashara inavyokua. Yalifutwa kwa neno moja.

Ninalirudia hili kwa sababu ndilo linaloniumiza. Neno "Freemason" limekuwa jibu la kila swali kuhusu mali. Aliyechuma kwa jasho anaitwa hivyo, na aliyeiba fedha za wakulima kwenye chama cha ushirika anaitwa hivyohivyo. Yule wa kwanza anapoteza heshima yake. Yule wa pili anapata pa kujificha, maana akishakuwa mtu wa majini na kafara, nani ataomba kuona vitabu vya hesabu? Tunamwogopa badala ya kumkagua. Mama yangu aligoma kula kwa siku mbili akiogopa kifo kisichokuwepo, na katika siku hizo mbili hakuna aliyekwenda kituo cha polisi na ile namba ya simu.

Si wote wanaowapinga Freemason ni wavivu wa kufikiri, na ningekuwa sitendi haki nisiposema hivyo. Kanisa Katoliki liliwakataza waumini wake tangu 1738, na Roma ilirudia mwaka 1983 kwamba Mkatoliki anayejiunga hapaswi kupokea komunio. Wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Makka mwaka 1978 walitoa uamuzi mzito vilevile. Katika mikoa yetu, ambako pwani ni ya misikiti na huku Ndanda na Masasi kengele za misheni zimelia zaidi ya karne moja, hilo si jambo la kupuuza. Sheikh au padri anayemwambia muumini wake asijiunge anafanya kazi yake, nami simpingi. Ninalolipinga ni kuitoa hoja ya imani na kuweka badala yake hadithi ya damu.

Hoja ya siri na madaraka ni nzito zaidi, na inanisumbua mimi mwenyewe. Italia mwaka 1981 polisi walikuta orodha ya majina 962 ya loji iliyoitwa P2: mawaziri, majenerali, wakuu wa usalama. Serikali ikaanguka. Ni kweli Freemason wenyewe walikuwa wameshaisimamisha loji ile miaka mitano kabla, lakini iliweza kuendelea kwa sababu watu walishazoea mlango uliofungwa. Gabon, rais wa wakati huo, Ali Bongo, aliwekwa kuwa mkuu wa loji kuu ya nchi mwaka 2009, na hapo lile katazo la siasa linabaki na maana gani? Mtwara tuna sababu yetu ya kuuliza. Mwaka 2013 mji huu uliingia kwenye vurugu kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, na kilio kimojawapo kilikuwa kwamba mambo makubwa yameamuliwa chumbani bila sisi kuelezwa. Mtu aliyepita hapo akiona mlango umefungwa, haraka yake ya kushuku naielewa.

Hata hivyo sisi tumezaliwa katika siri. Mimi nilipelekwa jandoni na mjomba wangu, na mpwa wangu nilimpeleka mimi. Kuna maneno tuliyofundishwa kumbini ambayo sijawahi kumwambia mke wangu, naye ana ya unyago ambayo hataniambia mpaka kufa. Hakuna anayesema kwamba Wamakonde au Wamwera wanamwabudu shetani kwa sababu ngariba hatangazi kazi yake sokoni. Tunajua siri ile inafanya nini: inawafunga vijana waliolala kumbi moja wawe ndugu, wakizikana uzeeni. Loji inafanya jambo la jamii hiyohiyo. Tofauti zipo, tena kubwa. Jando ni la kila mtoto wa kijiji, masikini kwa tajiri. Loji inachagua watu wake kwa kura, na ada yake mbebaji wa magunia haiwezi. Loji za mfumo wa Uingereza hazipokei wanawake, ilhali huku kwetu wanawake ndio wanaobeba vikoba.

Masasi ilishawahi kupambana na swali kama hili. Wamisionari wengi waliliona jando kuwa giza tupu. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alilichunguza kwanza, akajua lipi la kuacha na lipi la kubaki, kisha akaandaa jando la Kikristo. Wapo waliomlaumu kwa kuwaingilia wazee mambo yao. Lakini alitazama kabla ya kuhukumu, na hilo tu ndilo ninaloliomba kwa habari ya Freemason.

Nao watu wa loji kuna jambo ninawadai. Kikoba cha mke wangu kina sanduku la kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu, na kila Jumamosi linafunguliwa, fedha zinahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Freemason wa Dar es Salaam wabaki na maneno yao ya siri kama sisi tunavyobaki na yetu. Fedha za sadaka ni jambo jingine. Watangaze kwa Kiswahili, kwenye redio zinazosikika mpaka Newala, kwamba hawaajiri wakala, hawauzi pete, na msaada wao wa mwaka umekwenda kwa nani na nani. Matangazo ya nguzo yamejaa jina lao miaka na miaka. Wao ndio wenye haki ya kwanza ya kulikana, na wamekuwa wagumu kufanya hivyo.

Mpwa wangu yuko hapa kwangu tangu Desemba. Kulipokucha siku ya tatu nilimpeleka kwa bibi yake, akapiga magoti, akamwapia kwamba hakutaja jina la mtu. Mama alimtazama kwa muda, kisha akaomba uji. Kijana anabeba magunia ghalani, na kila mwisho wa wiki anamtumia baba yake kidogo. Mpaka juzi alikuwa amebakiza elfu themanini.