Faili Likiishia Katikati: Tulikatae Lote au Tuokoe Kilichofika?

Mwaloni Igombe mzani umesoma dagaa kilo 1,250. Simu ya karani inatuma faili la CSV (maandishi ya jedwali yanayotenganishwa kwa mkato), mtandao unakatika, na seva iliyoko mjini Mwanza inapokea mstari wa mwisho ukisema "Igombe,dagaa,125". Programu hailalamiki: 125 ni namba halali, na CSV haina alama ya kutamka kwamba imekwisha. Heri kosa la mwisho wa faili linalosimamisha kazi.

Wanaotaka faili lote likataliwe wana hoja nzito. Hesabu isiyofika itaulizwa. Iliyopungua itaingia kwenye jumla bila mtu kustuka. Wanaotaka kuokoa nao hawabahatishi: aliye Ukerewe akikatikiwa mara tatu, kurudia faili zima ni kumaliza bando.

Kwa maoni yangu, mwamuzi ni muundo wa faili. Chukua rekodi za baiti 24 kila moja, faili likafika na baiti 1,000. Hizo ni rekodi 41 kamili, na baiti 16 za rekodi iliyokatwa. Katika lugha ya programu ya Go, amri ya kusoma io.ReadFull hurudisha io.EOF (mwisho wa faili) isipopata hata baiti moja, na io.ErrUnexpectedEOF ikipata pungufu ya ilizoomba. Lugha ya Python haina ukarimu huo: read(24) inakupa zile 16 kimya kimya, hivyo pima urefu mwenyewe. Na faili likikatika baada ya baiti 984 kamili, hata Go itaona mwisho wa kawaida. Ndiyo maana idadi ya rekodi iandikwe mwanzoni mwa faili.

Gzip, yaani faili lililobanwa, huhitimishwa na baiti 8 zenye CRC32 (namba ya kukagua kama data imeharibika) na ukubwa wa data. Zikikosekana, Python hutoa kosa la EOFError. Kulidaka kosa hilo kwa "pass", amri ya kutofanya lolote, ndilo jibu baya kuliko yote, na lipo kwenye programu nyingi mno.

Basi okoa, ila kila rekodi iwe na CRC yake na namba yake ya pekee. Bila namba hiyo, faili likitumwa upya zile 41 zitahesabiwa mara mbili. Faili moja kubwa la JSON, ambalo mabano yake lazima yafungwe, likatae lote. Ukitaka kuokoa, andika kitu kimoja kwa kila mstari, na mstari wa mwisho usiofungwa utupe.

Kwenye simu, programu iandike kwanza faili la muda, ifanye fsync (kulazimisha data iandikwe kwenye hifadhi), kisha ilibadilishe jina. Chaji ikiisha katikati, faili lenye jina kamili halitakuwa nusu.