Mtoto wa Mombasa akasomee Uswahili ng'ambo?

Mpwa wangu alipofaulu KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kutangaza kwamba anataka kwenda ng'ambo kusomea masomo ya Afrika, baraza letu la Kibokoni halikuwa na mazungumzo mengine wiki nzima. Shahada ya namna hii huchukua sehemu moja ya dunia, ikaisoma lugha yake, historia, dini na siasa kwa pamoja. Babu mmoja alimwita akamuuliza kwa upole: "Mwanangu, wenda kufundishwa Uswahili ni Wazungu?"

"La, babu."

"Basi wendea nini?"

Mtoto aliinama, hakujibu. Naandika kwa sababu swali lile ni la haki, na jibu lake lipo, ila halisemwi.

Kwanza nimpe babu haki yake. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi tu, safari ya matatu. Dar es Salaam wana TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo kikuu chao, iliyoundwa 2009 kwa kuunganisha taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, na idara ya Kiswahili, na hapo tasnifu huandikwa kwa Kiswahili bila kuomba radhi. Zanzibar wana SUZA, chuo kikuu chao cha taifa. Anayesoma huku hukaa na wazee wenye lugha, na swali likimtatiza darasani, jioni anauliza nyumbani. Tena tusisahau asili ya vyuo vya Ulaya. Taasisi ya Hamburg ilianzishwa 1908 kwa ajili ya makoloni, na SOAS ya London, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, ilipewa hati yake 1916 ili, pamoja na mengine, maofisa wawajue watu waliokwenda kuwatawala. Jeraha hilo halifutiki kwa kubadilisha jina la idara.

Kuna na pesa. Wazazi wengi husikia kwamba vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo, wakafurahi. Wasichosikia mapema ni ile akaunti ya dhamana ambayo mwombaji viza huonyesha ya kujikimu kwa mwaka mmoja: yuro 11,904, zaidi ya shilingi milioni moja na nusu. Nimeiandika hesabu hiyo kwenye karatasi mara nyingi, nikiigawa kwa miezi, nikiigawa kwa ndugu. Kwa mwezi ni yuro 992. Fedha hizo ni zako na utazila mwenyewe, lakini sharti ziwepo kabla hujapanda ndege, na kwa familia nyingi za hapa mjini ni sawa na kuambiwa usiende.

Pamoja na hayo yote, mimi naona yule mtoto ana hoja.

Jumamosi moja nilikwenda naye Fort Jesus. Juu ya lango pana jiwe la maandishi ya Kireno. Linasema kwamba mwaka 1635 Francisco de Seixas de Cabreira, mwenye umri wa miaka 27, alifanywa kapteni wa ngome hii. Linasema aliwatiisha watu wa pwani walioasi chini ya mfalme wao dhalimu, kwamba aliiadhibu Pate na Siyu akabomoa kuta za miji yao, na kwamba kule Pemba aliwaua wakubwa wa watu. Huyo anayeitwa dhalimu ni Yusuf bin Hasan, mfalme wetu wa Mombasa. Maneno hayo yako juu ya vichwa vyetu karibu miaka 400. Twapita chini yake na watoto wa shule, twakata tikiti, twapiga picha. Mpwa wangu alisimama akiinua shingo, akifuata herufi kwa kidole hewani. Alitambua mwaka na majina mawili matatu, basi. Maana tulipewa na mwongoza watalii, naye aliipata kwa tafsiri ya Kiingereza.

Hapo ndipo nilipopata la kumjibu babu. Haendi kufundishwa Uswahili, huo anao. Mwanafunzi wa Ulaya akiingia masomo ya Afrika, sehemu kubwa ya ratiba yake ya mwanzo ni lugha: hujambo, sijambo, ngeli, kisha miezi ya kusoma magazeti kwa kamusi. Mtoto wa Kibokoni ameshalipiwa darasa hilo na mamake na nyanyake. Akizitumia saa hizo kwa Kireno, au kwa Kiarabu cha kusomea hati, atamaliza shahada akiwa na kitu ambacho mwenziwe hawezi kukipata kwa miaka mitatu wala mitano. Barua za maofisa wa ngome hii ziliandikwa kwa Kireno na kupelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, na Lisbon. Walioisimulia habari ya mazingiwa ya 1696 hadi 1698, ngome ilipozingirwa na Waarabu wa Omani, na ya jahazi la vita Santo António de Tanná lililozama hapo mbele ya ngome 1697, wengi wao ni wageni, kwa sababu wageni ndio waliojifunza kuzisoma barua hizo.

Kwa hiyo chuo kisichaguliwe kwa umaarufu. Chuo cha L'Orientale cha Napoli, ambacho asili yake ni 1732, hufundisha Kiswahili, Kiarabu na Kireno pamoja, na karo ya vyuo vya umma Italia hufuata kipato cha familia. Gharama yake ni kwamba ujue Kiitaliano kwanza. SOAS wana jina, na wana makaratasi ya mmishonari William Taylor, yenye mashairi ya Muyaka, malenga wa kale wa Mombasa, yaliyokusanywa hapa hapa Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, lakini mwanafunzi wa kigeni hulipa zaidi ya Mwingereza. Na kama chuo cha ng'ambo hakimpi lugha ya pili ya bahari hii, Kireno au Kiarabu, basi babu ameshinda: aende Kilifi, au Dar.

Babu hukumbusha pia kwamba Yusuf huyo huyo alipelekwa Goa mdogo, akasomeshwa na mapadri, akarudi akiitwa Dom Jerónimo. Ni kweli. Na ni huyo huyo aliyeinuka 1631 akaiteka ngome kutoka ndani.

Mpwa wangu ameandikia vyuo vitatu swali moja: nikisamehewa Kiswahili cha mwanzo, nitaruhusiwa kusoma nini badala yake? Kimoja kimejibu kwamba ataruhusiwa Kireno tangu muhula wa kwanza. Barua hiyo ameichapisha na kumsomea babu barazani, akiitafsiri mstari kwa mstari. Pesa bado twazitafuta.