Siku ya 28: unga, vidonge na mgongo wa mtoto

Jirani yangu mmoja hapa Langoni, Lamu, hali unga wa pakiti. Hununua mahindi yake, huyapeleka mashineni yakasagwa, na ukimuuliza sababu hukujibu bila kusita: "Ule umetiwa dawa, mwanangu. Mwenye haja ya dawa na aende hospitali."

Si mjinga, na hayuko peke yake. Wapo wataalamu wanaosema jambo hilo hilo kwa lugha ya kiofisi zaidi. Tangu kanuni za 2012 ziwalazimishe wasagaji wa Kenya kuongeza virutubisho kwenye unga wa pakiti, wa ngano na wa mahindi, foliki asidi, aina ya vitamini, inaliwa na kila mtu: mzee, mtoto, mwanamume. Kinga yenyewe, ya mtoto asizaliwe na mgongo wazi, inamlenga mwanamke anayeweza kushika mimba. Basi kwa nini asipewe yeye kidonge chake kliniki, sisi wengine tukaachiwa ugali wetu?

Ingekuwa hoja ya kumaliza mjadala, lau kiinitete kingeisubiri kliniki.

Katika wiki ya tatu tangu yai kurutubishwa, kiinitete ni kisahani kidogo chenye urefu wa milimita moja na kitu. Seli zake hujipanga matabaka matatu. La ndani litakuwa utando wa utumbo na wa mapafu, pamoja na ini. La kati litakuwa misuli, mifupa, moyo na damu. La nje litakuwa ngozi, na hapo ndipo wengi huishia wanapolisimulia. (Matabaka haya yaliainishwa mara ya kwanza na Christian Pander mwaka 1817, kwenye mayai ya kuku, binadamu alifuata baadaye sana.) Lakini ukanda wa katikati wa tabaka la nje haukai nje. Kingo zake mbili huinuka kama jamvi linalokunjwa kutoka pande zote, zikaelekeana, zikagusana, zikashikana, pakawa na mrija. Mrija huo hudidimia chini ya ngozi. Ndio ubongo na ugwe wa mgongo. Ngozi unayoikuna na akili inayokuambia ukune zilikatwa kwenye kitambaa kimoja.

Kushikana huko huanzia sehemu ya shingo, kukaenda juu na chini. Ncha ya kichwani hufunga mnamo siku ya 25, ya mkiani mnamo siku ya 28. Ncha ya juu isipofunga, ubongo haukui na mtoto haishi. Ya chini isipofunga, huzaliwa yule mtoto tunayemwita wa mgongo wazi, na mara nyingi kichwa nacho hujaa maji. Fundi wa jahazi wa Matondoni akiacha uwazi baina ya mbao mbili, kalafati bado ipo, pamba na mafuta vitaziba. Hapa siku ikipita imepita. Daktari wa upasuaji anaweza kuufunika mgongo, lakini neva zilizoharibika hazirudishi.

Sasa tuihesabu siku hiyo ya 28 kwa hesabu ya mama mwenyewe, maana hapa ndipo mjadala wote ulipo. Kliniki huhesabu mimba tangu hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku ya 28 ya kiinitete ni kama wiki ya sita kwenye kadi. Mwanamke ambaye siku zake hazipotei atakuwa amepitisha hedhi kwa wiki mbili tu. Huenda anadhani ni uchovu. Huenda ameshuku lakini hajamwambia hata mumewe. Na kwetu pwani mimba changa haitangazwi. Hufunikwa kwa kuogopa kijicho, na kwa busara nyingine ambayo wauguzi wangepaswa kuiheshimu: mimba nyingi huharibika mwanzoni, na mtu hapendi kupewa pole na mtaa mzima. Shirika la Afya Duniani linataka mama afike kliniki kabla ya wiki 12 kwisha. Tumchukue mama mtiifu kuliko wote, aliyefika wiki ya kumi. Amepanda mashua kutoka Kizingitini tangu alfajiri, amepanga foleni, amepewa vidonge vyake siku hiyo hiyo. Mrija wa mwanawe umeshafunga, au umeshashindwa kufunga, mwezi mmoja uliopita.

Nimekuwa nikiligeuza jambo hili kichwani kwa siku nyingi. Tumezoea kuwalaumu akina mama kwa kuchelewa. Katika hili hata aliyewahi amechelewa.

Vidonge vyenyewe vina jina linalowapotosha watu. Huku vinaitwa vya kuongeza damu, kwa kuwa foliki asidi imeunganishwa na madini ya chuma, na damu kweli vinaongeza. Hiyo ndiyo sababu ya kuendelea kuvimeza hata baada ya wiki ya sita. Lakini anayejiona ana damu ya kutosha haoni sababu ya kuvianza mapema, na neno mgongo halimo kwenye jina.

Wapinzani wa unga wana jibu zuri hapa, na nalipenda. Wanasema: mpeni bibi harusi. Kabla ya ndoa mwari huwekwa ndani, akasuguliwa singo, akafundwa na somo wake mambo ya unyumba. Kwa nini somo asiongeze mikrogramu 400 za foliki asidi kila siku kwenye mafunzo yake? Kile ni kipimo kinachopendekezwa tangu mwanamke anapotaka kushika mimba, na neno la somo lina uzito kuliko bango la ukutani. Wizara ikilifanya hilo nitashangilia. Ila singo hupakwa kabla ya mimba ya kwanza. Ya nne huja mwanamke akiwa na mtoto mgongoni na biashara ya viazi karai jioni, na hakuna anayekuja kumfunda tena. Na kuna mimba zinazotangulia harusi, tukitaka kuyasema au tusitake.

Vilevile ni kweli kwamba unga haumtoshi kila mtu. Mama aliyewahi kumzaa mtoto wa mgongo wazi huhitaji kipimo kikubwa mara kumi, miligramu nne. Kipimo hicho ndicho kilichojaribiwa na watafiti wa Uingereza, na matokeo ya 1991 yalionyesha hatari ya tatizo kurudia ikipungua kwa asilimia 72. Huyo anahitaji daktari, kama anavyomhitaji anayetumia valproeti kwa kifafa, dawa ambayo yenyewe huongeza hatari. Kuna pia wanaokula foliki ya kutosha na bado tatizo hutokea, kwa hiyo asitafutwe mama wa kunyooshewa kidole.

Hofu inayonitia shaka kidogo ni ya vitamini B12: kwamba foliki nyingi huweza kuficha upungufu wake, damu ikaonekana nzuri huku neva zikiharibika, hasa kwa wazee. Hofu ya kweli, lakini B12 hupatikana kwenye samaki. Lamu! Wazee ambao tumbo halifyonzi vizuri wapimwe, naam. Uingereza ilizibeba hofu za aina hii hadi 2021 ndipo ikakubali kuongeza foliki kwenye unga wa ngano, miaka 30 baada ya utafiti wake wenyewe. Marekani ilianza 1998, na wakadiriaji wa huko wanasema watoto kama 1,300 kila mwaka huepushwa na tatizo hili.

Kwa hiyo kwa jirani yangu jibu langu ni kwamba dawa anayoikataa haina mlango mwingine wa kuingilia kwa wakati. Lazima iwe imeshaingia chunguni kabla mtu hajajua kuna mgeni.

Lakini chungu cha nani? Hapo hoja yangu mwenyewe inanikwama. Andazi la asubuhi ni la unga wa ngano, sawa, na mbaazi za pembeni zina foleti, vitamini hiyo hiyo kwa umbo lake la asili, ingawa kuchemsha huipunguza. Mchana na jioni Lamu ni wali. Kanuni za 2012 zinazungumzia unga. Costa Rica, nchi ya walaji wali kama sisi, huongeza virutubisho kwenye mchele kwa lazima tangu miaka ya 2000. Sisi mchele wetu, mwingi wake wa Pakistan, huja kwa magunia, na muuza duka hulifungua gunia, akachota kwa kopo, akapima kilo kwenye mfuko mtupu usio na maandishi yoyote.