Anayemuuguza Naye Aulizwe

Huku Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, kijana akianza kujibizana na sauti ambazo wengine hatuzisikii, nyumba nyingi hukimbilia kwa mganga kwanza. Mbuzi anauzwa, akiba ya korosho inakwisha, na mama anaulizwa kamkosea nani. Hajamkosea mtu. Skizofrenia ni ugonjwa wa akili, mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unampata takriban mtu 1 kati ya 300.

Mimi leo namsemea anayeuguza. Mara nyingi ni mama mtu, au dada aliyeachika akarudi nyumbani. Usiku halali sawasawa, anasikiliza mlango, maana mwanawe akitoka gizani hajui atamwokota kijiji gani. Sherehe haendi. Majirani nao wamepunguza kupiga hodi.

Oktoba ikifika mambo yanabana zaidi. Korosho zinadondoka, zisipookotwa na kuanikwa mapema zinaharibika na kushuka daraja. Katikati ya kazi hiyo inaangukia tarehe ya sindano ya dawa anayochomwa mgonjwa kila mwezi, na hospitali iko mbali. Akibaki shambani sindano inapita, mgonjwa anazidiwa, kisha watu wanamwita mzembe. Wanaosema hivyo hawajawahi kujitolea kumwokotea hata debe moja.

Nimeshamsindikiza jirani kliniki. Kijana aliulizwa vizuri kabisa: unakula, unalala, sauti zimepungua? Mama yake alikuwa pale pale kwenye benchi, amekonda, na hakuulizwa neno. Foleni ilikuwa ndefu, najua. Lakini sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ikimlaza yule mama, vidonge vya jioni atavitoa nani?

Na wajomba wako wapi? Kwetu Wamakonde mjomba ana sauti kwenye jando, kwenye ndoa, kwenye mirathi. Ugonjwa huu ukiingia anatoa nauli mara moja, basi. Kikao cha ukoo kikae, zamu zipangwe: huyu ampeleke kijana sindano, yule alale pale wikiendi ili dada yake apate usingizi.

Mhudumu wa afya wa kijiji naye, akifika nyumba hiyo, amwite mama pembeni. Amuulize analala saa ngapi, anakula, amewahi kuwaza kujiua? Kuuliza hivyo hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani. Majibu yakiwa mabaya, naye afunguliwe kadi yake, atibiwe siku ileile anayomleta mwanawe.