Umechora Vizuri. Sasa Mabasi Mangapi?

Kila dirisha la udahili likifunguliwa, swali ni lile lile: "Mipango miji ina ajira?" Na mjuaji mmoja lazima ajibu: "Soma tu, utapima viwanja." Viwanja wanapima wapima ardhi, lakini hilo tuliache.

Kinachokera zaidi ni mhitimu mwenyewe. Anatoka chuoni na ramani zenye rangi kama doti ya kanga, katikati mshale mnene mwekundu umeandikwa "njia ya mabasi". Muulize: mabasi mangapi? Kimya.

Na hesabu yenyewe ni ya darasa la saba! Chukua ruti ya kilomita 20. Basi likienda kilomita 20 kwa saa, kwenda ni dakika 60, kurudi 60, na kupumzika dakika 10 kila mwisho wa ruti. Mzunguko mzima dakika 140. Unataka basi kila baada ya dakika 5? Gawanya: mabasi 28, bila kuhesabu ya akiba. Sasa foleni ishushe mwendo hadi kilomita 12 kwa saa. Kila upande unakula dakika 100, mzunguko unafika 220, na unahitaji mabasi 44. Abiria ni wale wale, nauli ile ile, ila mabasi 16 zaidi yanameza mafuta ili huduma ibaki ilivyokuwa. Kwa hiyo anayeachia magari binafsi yaingie njia ya mwendokasi "kwa leo tu" ajue anachokigawa. Na anayepanga ruti bila kujua mwendo halisi wa saa 1 asubuhi anapiga ramli.

Mwendo huo unategemea wingi wa magari barabarani, na kwenye kuyahesabu ndipo kazi nyingi za wanafunzi zinapoharibikia. Wanahesabu magari Ijumaa, au shule zimefungwa, kisha wanaandika "hali ya kawaida". Hesabu Jumanne hadi Alhamisi, fomu ya kila dakika 15, mtu mmoja kwa upande mmoja, na umbadilishe baada ya saa mbili maana macho yanachoka na kalamu inaanza kubuni. Bodaboda, bajaji, Kosta na lori kila kimoja na safu yake. Waenda kwa miguu pia, tafadhali. Nao ni usafiri.

Kosa baya kuliko yote ni kusimama kwenye taa palipojaa foleni. Pale unahesabu magari yaliyofanikiwa kupita, siyo yanayotaka kupita. Foleni ikikaza kabisa, fomu yako itaonyesha magari machache, nawe utaandika kwamba barabara inatosha! Rudi nyuma hadi mkia wa foleni, hesabu yanayofika, na uandike mkia umefika wapi kila dakika 15.

Haya, ramani nayo inahitajika. Diwani hasomi jedwali.

Kuhusu ajira, tusidanganyane: halmashauri ikikuchukua, huenda miaka yako ya kwanza ikaishia kwenye urasimishaji wa makazi na migogoro ya mipaka. Kazi za usafiri ziko LATRA (mdhibiti wa usafiri wa ardhini), DART (mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam), TARURA (barabara za vijijini na mijini), TANROADS (barabara kuu na za mikoa) na kwa washauri elekezi, na meza utakuta wahandisi wamekwisha kuikalia. Hawatakusogezea kiti kwa sababu ya rangi za ramani yako.

Kwa hiyo kabla ya kuhitimu, chagua ruti moja ya daladala. Panda mwanzo hadi mwisho, mizunguko sita, asubuhi, mchana na jioni. Kila kituo andika saa, waliopanda, walioshuka. Andika pia gari lilipokatisha ruti na abiria wakalipa nauli mara mbili, maana kibali cha ruti hakitakuambia hilo. Ingiza kwenye QGIS, programu ya kuchora ramani, ni ya bure. Na fomu ishike chini chini, konda asije akadhani umetumwa na LATRA.